Uzoefu wangu na programu ya cnc-ddraw: video za Red Alert 2 zimeacha kukatakata

Red Alert 2, gemu ya vita ya kompyuta, ilitoka mwaka 2000, na mimi niliijulia hapa hapa Majengo, kwenye kompyuta ya mezani ambayo mimi na kaka yangu tulikuwa tukigombea zamu. CD zake mbili kaka alizitunza miaka yote hiyo. Januari akanipa, nikaiweka gemu kwenye laptopu yangu ya Windows 10, mwanawe akakaa ubavuni pangu. Ikaja video ya mwanzo, ile Dugan, Rais wa Marekani ndani ya gemu, anazungumza kwa simu na Moscow. Sauti inakwenda vizuri, lakini uso umeganda, kisha ghafla mkono ushafika kwingine. Mtoto akaniuliza, "Ami, mbona mdomo wake haufuati maneno?"

Swali hilo la mtoto ndilo lililonifaa kuliko ushauri wote nilioupata baadaye. Fundi mmoja wa mjini aliniambia niongeze RAM. Nilikataa, maana kompyuta za nyumbani za wakati ule zilikuwa na megabaiti 64 au 128 tu, na yangu ina gigabaiti 8. Nikashuku joto, kwa sababu kaskazi ikivuma Mombasa laptopu huwaka kama jiko. Lakini kompyuta iliyolemewa na joto huanza vizuri, ikachoka baadaye. Yangu ilikwama tangu sekunde ya kwanza, asubuhi, feni ikiielekea.

Basi nikarudi kwenye mdomo na maneno. Video za gemu hii ni za aina ya Bink, na Bink ikiona picha zinachelewa huziruka baadhi ili sauti isikatike. Kwa hiyo sauti ikiwa nzima na picha inaruka, faili inasomwa sawasawa. Kinachochelewa ni kuichora picha kwenye skrini. Red Alert 2 huchora kwa DirectDraw, njia ya zamani ya Windows ya kuonyesha picha, tena kwa rangi za biti 16. Kuanzia Windows 8, rangi hizo zinaigizwa tu, hazipiti moja kwa moja kama zamani. Gemu haina kosa, na laptopu haina kosa. Njia ya kati ndiyo iliyobadilika.

cnc-ddraw inashika nafasi ya njia hiyo. Ni programu ya bure inayopatikana GitHub, tovuti ya kuhifadhi programu, na mwanzo ilitengenezwa kwa ajili ya gemu za Command & Conquer, ambazo Red Alert 2 ni mojawapo. Nilifungua zipu, nikanakili ddraw.dll na faili zinazoandamana nayo hadi kwenye folda yenye game.exe, basi. Hakuna cha kusakinisha. Ukitaka kubadili kitu, kuna programu yake ndogo ya mipangilio: mimi nilichagua skrini nzima bila kuvuta picha ikapanuka, nikaacha mengine yote kama yalivyo.

Nilipofungua gemu tena, Dugan aliongea na mdomo wake ukamfuata. Hata menyu, ambazo zilikuwa zikiburuta kipanya, zikawa nyepesi. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa hiyo ndiyo video niliyoikumbuka tangu ujana, na sasa mtoto wa kaka aliiona ilivyo.

Kuna tatizo moja ambalo programu hii haikulitatua, na si kazi yake. Tulipofika upande wa Wasovieti, picha na sauti zilisimama pamoja, na kisomeo cha CD kikawa kinakoroma. Hapo ni diski: ile CD ya pili ina mikwaruzo. Nilinakili faili ya MOVIES02.MIX kutoka kwenye CD hadi kwenye folda ya gemu. Ilichukua muda mrefu mno, ila tangu hapo haijakwama tena.

Pakua kutoka ukurasa wa mtengenezaji mwenyewe, kwa sababu faili za jina la ddraw.dll zimezagaa kila mahali. Kizuia virusi kinaweza pia kuishuku. Na kama gemu yako ya zamani ni ya 3D, isiyotumia DirectDraw, usitegemee msaada hapa. Jaribu dgVoodoo 2, programu nyingine ya kusaidia gemu za zamani. Kwa Red Alert 2, naipa nyota tano. Ijumaa baada ya swala mtoto anakuja, na tumebakisha misheni tatu.