Milimita 3 ilinidanganya: uzoefu wangu na mabango ya plastiki yenye mifereji

Nazungumzia yale mabango mepesi ya plastiki ambayo katikati yana mifereji kama kadibodi ya boksi. Oda yangu ya kwanza ilikuwa ya unene wa milimita 3, kwa sababu bei ilikuwa nafuu na nilipoyashika mkononi sikuona tofauti yoyote na ya milimita 4. Tofauti niliiona nje. Vigingi vya waya nilivyokuwa navyo, vile vya kuchomeka ardhini na kuingiza kwenye mifereji ili bango lisimame, vimetengenezwa kwa mifereji ya milimita 4, kwa hiyo nilipovisukuma ndani kwa nguvu vikapasua kuta za plastiki. Upepo ukamalizia: pembe zilikunjwa, na plastiki hii ikishapata mkunjo, alama haiondoki.

Nikahamia milimita 4, na kwa bango la sentimita 45 kwa 60 sijaona haja ya zaidi. Kosa la safari hii lilikuwa langu mwenyewe: sikusema mifereji ielekee wapi. Mabango yalikuja mifereji imelala, kigingi hakina pa kuingia! Ukiagiza, sema mifereji isimame wima.

Bango kubwa ni habari nyingine. Nilifunga la sentimita 120 kwa 240, milimita 4, kwenye nguzo mbili, likawa linapepea kama shuka kwenye kamba. La milimita 10 limetulia, ila ni zito, linataka fremu, na kulikata kwa kisu ni kurudia mstari uleule mara tatu nne. Lile la milimita 4 sikulitupa, nililipiga ukutani na mpaka leo limenyooka, maana kazi ya kulishikilia inafanywa na ukuta. Tundu za skrubu nilizitoboa kubwa kidogo kuliko skrubu na kuweka washa (kile kipete bapa kinachokaa chini ya kichwa cha skrubu), kwa kuwa plastiki hii hutanuka kwenye joto. Ukiibana sana inavimba katikati.

Jua nalo halijali unene. Kama plastiki haikuwekewa kinga ya miale ya jua, hata ya milimita 10 itakauka na kuvunjika kama biskuti. Siku hizi hilo ndilo swali langu la kwanza kwa muuzaji, kisha namuuliza uzito wa gramu kwa mita ya mraba, kwa sababu nimeshapewa milimita 4 mbili ambazo moja ilikuwa laini kabisa.

Zile za milimita 3 zilizobaki nazitumia ndani, ambako hakuna upepo.