TAHADHARI: Fundi wa mabwawa ya kuogelea anayezunguka Diani, amenila 96,000

Jamani, naandika huku mikono inatetemeka. Wenye nyumba za wageni Diani, Galu na Ukunda, msimfungulie geti yule fundi wa mabwawa anayejiita injinia. Amenila 96,000 mchana kweupe, na chai nilimpikia.

Nyumba yangu ya wageni ina bwawa la kuogelea na jakuzi, lile beseni la maji ya mapovu. Jakuzi yetu iko juu ya bwawa, ikijaa inamwagikia humo, na vyote viwili vinatumia pampu moja na chujio moja. Kila asubuhi nikawa naikuta imeshuka mpaka maji yake yamelingana na ya bwawa. Wageni wanaingia Ijumaa. Nikampigia.

Alikuja na ovaroli safi, ana geji ya presha, anataja mahoteli aliyofanya kazi. Na namba yake nilipewa na mtu ninayesali naye. Ningemshuku kwa lipi? Akaingia kibanda cha pampu, akasema, "Mama, hebu kazime swichi kubwa ya ndani, umeme huu si wa kuchezea." Nikaenda. Kurudi, ananituma tena nikawashe. Niliporudi mara ya pili nilimkuta amechuchumaa ukingoni mwa jakuzi, kidole kakiweka kwenye mstari wa vigae. "Tazama hapa." Maji yakashuka kigae kimoja, mbele ya macho yangu. Cha pili. Cha tatu. Matundu ya povu yakabaki wazi. "Ufa huo, mama. Na pampu yako imekufa, haisukumi." Mwili uliniishia nguvu. Nikatuma pesa palepale, pampu mpya 78,000, dawa ya kuziba ufa 18,000. Pampu ya zamani akaibeba, eti akanitupie.

Pampu iliyokufa ingetoaje maji kwa kasi ile? Swali hilo lilinijia usiku wa manane, nimelala na hasira.

Ijumaa asubuhi jakuzi imeshuka vilevile. Nampigia, anataka 140,000 avunje vigae! Aliyenifumbua macho ni kijana anayehudumia bwawa la jirani. Kwenye bomba la kuvuta na la kurudisha kuna valvu za njia tatu, na mkono wa kila moja umeandikwa OFF upande mmoja. Upande huo unapoelekea ndiko kunakofungwa. Siku zote pampu yetu inavuta bwawani na kurudisha kwenye jakuzi ili ifurike. Yule fundi, mimi nikiwa kwenye swichi, aligeuza valvu zote mbili, ikawa inavuta jakuzi na kumwaga bwawani. Ndio "ufa" niliouona!

Na ile ya jakuzi kushuka kila usiku? Kijana alifungua skrubu za valvu ya kuzuia maji yasirudi, akatoa kipande cha kigae kama punje ya mahindi. Kilikuwa kimeuzuia ulimi wake usifunge, hivyo pampu ikizimwa maji yanarudi kinyumenyume kupitia chujio hadi bwawani. Dakika kumi akamaliza. Hiyo pampu "mpya" nayo, kwangua rangi ya mota kwa ukucha, chini kutu tupu.

Mtu huyu afungwe. Simtakii faini, atalipa kwa pesa za mama mwingine. Avuliwe ile ovaroli mbele ya watu aliowaibia. Risiti yake haina hata PIN ya KRA, namba ya mlipa kodi, ningeisoma ningejua. Na mjue, jakuzi yenye ufa hushuka hadi ulipo ufa, haifuati usawa wa bwawa, nayo bwawa halipandi. Na fundi akikutuma tuma ndani, usiende, au piga picha valvu zako kabla hajaingia. Lakini kwanza afungwe! Polisi nimeshaandikisha OB, kile kitabu chao cha matukio.

Aliyemwona aniandikie faragha leo leo. Pampu yangu naitaka, ile ile, yenye mkwaruzo mrefu kwenye kifuniko cha kikapu cha kunasa takataka.