Miezi 14 na Lichess: ilivyoinua mchezo wangu na wa wenzangu hapa Mtwara

Natumia Lichess, tovuti ya kuchezea chesi, mwezi wa 14 sasa, karibu kila siku, na Jumapili jioni nachukua nilichokipata humo nakipeleka kwenye meza yetu ya chesi, Chikongola, Mtwara mjini. Ninayemwandikia ni yule ambaye anajua tayari kete zinavyotembea, anaupenda mchezo, lakini kiwango kimegoma kupanda. Mimi kiligoma miaka mitatu.

Meza yetu iko barazani kwa fundi cherehani. Tulianza wanne, wote tumetoka kwenye drafti, ile ya vizibo vya soda. Drafti inakupa jicho la haraka na roho ya ushindani, lakini inakuachia tabia moja inayoumiza kwenye chesi: ukiona pa kula, unakula. Kule kula ni sheria. Huku ni hiari, na kabla ya kunyoosha mkono unatakiwa ujiulize kwa nini mwenzako amekuachia. Mimi nilikuwa siulizi.

Siku moja mpwa wa fundi, binti wa kidato cha tatu, aliniachia askari pembeni. Malkia wangu akamfuata. Binti akatua na farasi kwenye mraba wa c7: cheki kwa mfalme wangu aliyekuwa bado e8, na hapohapo farasi yuleyule anaivizia ngome yangu ya a8. Mfalme akahama, ngome ikaliwa, na tangu hapo sikusimama tena.

"Pole mjomba," akaniambia. "Ulikuwa unamwangalia malkia wako tu, hukuniangalia mimi."

Nikamuuliza anajifunzia wapi. Akaazima simu ya mama yake, akanionyesha Lichess.

Kwa asiyeijua, ni tovuti na programu ya simu ya kuchezea chesi, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis. Inaendeshwa kwa michango, haina matangazo, na hakuna kitu kilichofungiwa wanaolipa. Anayechangia huwekewa alama ya bawa kando ya jina lake, basi. Mafumbo, uchambuzi, mashindano, vyote anavyovipata yeye unavipata na wewe. Kwetu hilo ni jambo kubwa, maana nusu ya wachezaji wetu ni wanafunzi. Sijawahi kuona hata mmoja akikwama kwa kuambiwa alipie ndipo aone kosa lake.

Ukijiunga unapewa alama 1500 za kiwango cha uchezaji, zenye kiulizo pembeni, kwa kuwa uwezo wako bado haujapimwa. Zangu ziliporomoka hadi 1180 ndani ya wiki mbili. Ikikutokea, endelea kucheza, zitatulia mahali pake. Leo niko 1540 kwenye michezo ya dakika 15, na ninajua kila alama imetoka wapi.

Nyingi zimetoka kwenye mafumbo. Yametolewa kwenye michezo halisi waliyocheza watu humohumo, ndiyo maana hali unazokutana nazo zinafanana na za barazani. Unaweza kuchagua aina: farasi kupiga wawili kwa mpigo, kete iliyobanwa mbele ya mfalme isiweze kuondoka, chekimeti ya hatua mbili, mfalme aliyezibiwa njia na askari wake mwenyewe kule mstari wa nyuma. Nilikaa na farasi peke yake mwezi mzima. Mafumbo 20 kila asubuhi kabla ya kwenda ghalani kwenye ukarani wangu, na nikajiwekea sharti: sigusi kioo mpaka nimeona mpinzani atajibu nini na mimi nitafuata na nini. Mwanzoni nilikuwa nabahatisha hatua ya kwanza, inakubali, ya pili naharibu. Kubahatisha kunakuzoesha kubahatisha. Nilipoacha, fumbo moja liliweza kunichukua dakika sita nzima, lakini Jumapili moja nikajikuta naikinga c7 hatua tatu kabla farasi hajaifikia. Binti akainua macho akanitazama. Sitaisahau siku hiyo.

Kitu cha pili ni uchambuzi. Mchezo ukiisha unaomba Stockfish, injini ya chesi ambayo nayo ni ya bure, iupitie wote. Inakuchorea mstari wa mchezo mzima ulivyopanda na kushuka, inakuonyesha ulipolegea, ulipokosea na ulipoharibu kabisa. Kisha kwenye tovuti kuna sehemu ya kujifunza kutokana na makosa yako: inakurudisha kwenye kila kosa, inakuuliza ungecheza nini badala yake, na inakuacha ujaribu kwanza. Ningeambiwa nibaki na kitu kimoja tu cha Lichess, ningebaki na hiki.

Ila injini haisemi kwa nini. Inakupa mshale na namba. Ikiandika +1.8 maana yake mweupe ametangulia kwa karibu thamani ya askari wawili. Lakini aliutoa wapi huo uzito, hapo unajitegemea. Na sisi tulianza kuitumia vibaya. Mchezo ulikuwa ukiisha tu barazani, mtu anachomoa simu, anaingiza hatua, wote tunainamia kioo kusubiri mshale. Mazungumzo yakafa. Watu waliokuwa wakibishana mpaka taa zinawashwa wakawa wanasema "kompyuta imesema" na kunyanyuka.

Tukakubaliana hivi: waliocheza wanaeleza kwanza walichokuwa wanafikiri, hatua kwa hatua, wengine wanachangia, na simu inatoka mwisho. Mfano ulionishawishi ni wa fundi mwenyewe. Alifungwa, akashikilia kuwa alichemka hatua ya 23. Mpwa wake akasema hapana, mjomba, shida ilianza mapema, ulipomfungia askofu wako nyuma ya askari wako mwenyewe. Tulibishana nusu saa, tukajaribu kila njia. Simu ilipotoka, injini ikaonyesha kosa kubwa liko hatua ya 31, mbali na yote mawili. Lakini tulipoitazama ile 31, tukaona fundi hakuwa na hatua nyingine nzuri kwa sababu askofu yule hakuwa na pa kwenda. Injini ilionyesha ukuta ulipoanguka, binti alionyesha ufa ulipoanzia. Tangu siku hiyo tunaihifadhi michezo yetu humohumo Lichess, kwenye sehemu ya madaftari ya masomo, kila mchezo sura yake, na maelezo tunayaandika wenyewe kwa Kiswahili chini ya kila hatua. Tumeshafika sura ya 46. Mgeni akija kujiunga, hilo ndilo tunalompa asome kwanza.

Tuna mzee mmoja mstaafu wa bandari ambaye simu janja hataki hata kuishika. Mchezo wenyewe haiti chesi, anaiita sataranji, jina lililotufikia pwani kwa njia ya Kiarabu. Yeye ndiye aliyenifundisha mwisho wa mchezo ninaouthamini kuliko yote: umebaki na mfalme na ngome, mwenzako ana mfalme, ngome na askari mmoja anayekuja. Wengi hukata tamaa hapo. Mzee akasema mfalme wako akae mbele ya askari, ngome yako iutawale mstari wa sita kwa hesabu ya upande wake, mfalme wake asipite. Usifanye kingine, subiri. Askari akiingia mstari wa sita, mfalme wake amekosa pa kujificha. Hapo ngome yako inakimbilia mbali nyuma ya mfalme wake, inampiga cheki bila kuchoka. Kinga hii inaitwa kwa jina la Philidor, Mfaransa wa karne ya 18 aliyekuwa bingwa wa mchezo huu na mtunzi wa muziki.

Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Nikaenda nyumbani, nikaipanga hali ileile kwenye kibao cha Lichess cha kupangia kete, nikaiachia Stockfish ishambulie. Nilifungwa mara nne, kila mara kwa kuharakisha kuiondoa ngome kabla askari hajasogea. Mara ya tano ikawa sare. Jumapili nikamwendea.

"Shikamoo mzee. Nimeshika sare na mashine."

"Marahaba. Sasa kaa hapa unioneshe bila mashine."

Nilimwonyesha. Alijaribu kila njia kwa karibu saa nzima, sare. Tuliagiza ming'oko tukala pamoja, na alifurahi kuliko mimi.

Kuhusu bando, inakula kidogo sana, kwani kinachosafiri ni hatua tu, hakuna video. Mafumbo kadhaa hupakuliwa mapema, kwa hiyo hata mtandao ukikata unaendelea nayo. Mchezo wa moja kwa moja ni habari nyingine: mtandao ukiyumba saa yako haikusubiri. Nimewahi kupoteza mchezo niliokuwa nikiongoza kwa ngome nzima kwa sababu simu ilikosa mtandao wakati wa mvua kubwa. Ndiyo maana mashindano ya kikundi chetu tunayaendesha kwa dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kila hatua, ili mtu akipotea kidogo aweze kurudi. Kufungua timu na kuandaa mashindano hayo ni bure pia. Barazani tunaitumia simu kama saa ya chesi, maana programu ina saa ndani yake, na saa halisi hapa mjini hatukuipata.

Naomba uwe mwangalifu na michezo ya dakika tatu na ya dakika moja. Ni mitamu, inavuta, na inakurudisha kwenye mkono wa drafti. Nilipoizidisha kwa wiki tatu, alama zangu za michezo mirefu zilishuka kwa 70. Kijana mmoja wetu mwenye kipaji kikubwa hachezi kingine, na makosa yake ya mwaka jana anayo mpaka leo. Nimemwambia mara nyingi, kwa sababu natamani sana kumwona anafika mbali. Amon Simutowe ni wa hapo jirani, Zambia, na alikuwa wa kwanza kufikia cheo cha grandmaster, kile cha juu kabisa kwenye chesi, katika nchi za kusini mwa Sahara. Huko hakufiki mtu asiyekaa na hatua moja mpaka aielewe.

Kete zetu hazikutoka dukani. Tulimwagiza mchonga vinyago, tukampelekea picha, akachonga nyeusi kwa mpingo na nyeupe kwa mti mwepesi zaidi. Mpingo ni mzito hata ukiutia majini unazama, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya mchezo, kiganja kinajua kete ya nani imeshikwa. Naitaja kwa sababu kuna watu huniuliza kama simu pekee inatosha. Kwangu haikutosha. Hali niliyoijua vizuri kwenye kioo ilinichanganya nilipokaa mbele ya kibao, mpaka nilipozoea kupanga mafumbo magumu kwa kete zenyewe.

Oktoba ikifika na minada ya korosho ikaanza, mimi ghalani sitoki, hata Jumapili zinaniponyoka. Hapo Lichess hunisaidia kwa namna nyingine: kuna michezo ya siku kadhaa kwa kila hatua. Mmoja wa wale wanne wa mwanzo alihamishiwa Newala, na tunacheza naye siku tatu kwa hatua, tangu mwezi uliopita. Kutumia injini humo ni marufuku, na sisi hatuhitaji kukumbushwa. Nafungua mara moja usiku, natazama, nafunga, nalala nayo kichwani. Nimebaki na ngome na askari mmoja, yeye na ngome tu, na jana ameisogeza ngome yake mstari wa sita. Nina siku mbili za kutafuta njia, na mzee siwezi kumuuliza mpaka mchezo uishe.