Banda la tausi kutoka kwa fundi wa Kisauni: chuma kizuri, vipimo vya kuku

Banda hili nimelitumia mwaka mmoja na miezi minne, kwa hivyo sisemi ya kuona pichani. Nililiagiza kwa fundi wa kuchomea vyuma huku Kisauni. Jina lake naliacha, maana ni kijana mpole na kwa banda la kuku simlaumu hata kidogo. Ila mie nilitaka la tausi.

Nyumbani nina kuku wa kienyeji 17 na kanga 4. Tausi walikuja baadaye, dume mmoja mzima na majike wawili. Fundi akaja na futi yake, akapima uwanja, akaniambia, "Mama, nakutilia futi 6 kwenda juu, utaingia bila kuinama." Nikakubali. Yeye ndiye fundi, mie nani?

Sasa piga hesabu. Banda la futi 6, fito ya kulalia ameitia futi 4. Mkia wa dume aliyekomaa unafika mita moja na nusu, yaani karibu futi 5. Ule mkia wote, fahari ya ndege, ukawa unaburura kwenye mavi usiku kucha. Upana nao futi 5. Akitaka kuuchanua kuwaringia wake zake, manyoya yanasaga waya pande zote mbili. Yalivunjika mengi, na sikuwa na la kufanya ila kungoja apukutishe mwisho wa msimu yaote mapya. Tena fito yenyewe ilikuwa bomba jembamba la chuma. Tausi ni mzito, anataka ubao mpana wa kukanyaga vizuri.

Kazi ya chuma yenyewe, mashallah. Viungo havijaachia hata kimoja, mlango hausugui chini, komeo linafunga sawasawa. Mabati peke yake yalikuwa tanuri mwezi wa Februari, nikaongeza makuti juu, joto likapungua.

Waya ndio ulioniliza. Alitumia ule mwembamba wa kuku, na sisi hapa upepo wa bahari hauna simile. Kabla ya mwaka kwisha, upande wa chini ulikuwa unavunjika kwa vidole kama kaimati zilizolala. Nguchiro akapenya usiku mmoja, akanimalizia vifaranga 6 wa kuku. Nilimpigia fundi simu nikiwa na hasira zangu. Alikuja siku ya pili, akatia waya mzito uliopakwa zinki, akauzika futi moja ardhini, na hakunitoza ufundi, nililipa vifaa tu. Kwa hilo nampa heko.

La mwisho si la fundi, ni langu. Nilimwambia agawe banda kwa waya katikati, kuku huku, tausi kule. Nikadhani yametosha. Mvua za mwezi wa Mei zikinyesha, maji yalitoka kwa kuku yakaingia kwa tausi, pamoja na mavi yao. Jike mmoja akaanza kujikunyata, mabawa chini, kinyesi manjano kama bizari. Siku ya nne hakuamka. Daktari wa mifugo alimpasua mbele yangu, ini limejaa madoa ya duara. Ni ugonjwa wa kichwa cheusi. Kijidudu chake husafiri ndani ya mayai ya minyoo wa utumbo wa kuku. Kuku anatembea mzima kabisa, hana habari, na yale mayai hukaa ardhini hata zaidi ya mwaka. Nyungunyungu naye akiyameza, tausi akimdonoa, basi.

Nilikuwa na mpango wa kumwatamishia koo wangu mayai ya tausi, siku 28 badala ya zile 21 alizozoea. Daktari alicheka, akaniuliza nataka kuwapa vifaranga mama au maradhi.

Tausi sasa wako upande wa juu wa uwanja, sakafu ya saruji na maranda yanayobadilishwa, ndara za kuingilia kwao ni zao peke yao, na dawa ya minyoo wanakunywa wote, kuku na kanga pia, kwa kipimo cha daktari. Kelele sijapata dawa yake. Dume analia kama paka aliyekanyagwa, na jirani yangu anasema humtangulia muadhini.

Ukitaka banda la kuku, nenda kwa kijana huyu hata leo. La tausi, nenda na vipimo vyako umeviandika, na waya uuchague mwenyewe kwa macho yako.

Juzi kanipigia simu. Kapata mteja Nyali anayetaka la tausi, anauliza fito aitie futi ngapi. Nimemwambia 7, ya ubao, na kwanza amuulize huyo mteja kuku wake wanalala wapi.