Tahadhari: Muuzaji wa nyoka na "dawa ya hamu ya kula" hapa Kisumu

Nawaandikia wenzangu wenye vibali vya kufuga nyoka, hasa walioko Kisumu, Siaya na Kakamega, ili mjihadhari na mtu mmoja anayeuza nyoka, kisha akamrudia mnunuzi yuleyule kumuuzia dawa ya ugonjwa ambao nyoka hana. Jina lake silitaji wala sitoi nambari yake, kwa kuwa malalamiko yangu nimekwisha kuyafikisha kunakohusika. Nitaeleza mwenendo wake tu, maana laini ya simu ameibadilisha mara mbili lakini mwenendo ni uleule.

Aliniuzia nyoka mwembamba wa rangi ya udongo, mwenye mabaka meusi mgongoni, kwa shilingi 4,500. Alisema ni yule nyoka wa kahawia wa majumbani asiye na sumu, anayekula panya. Nakiri kwamba hapo nilizembea, kwa sababu nyoka wa majumbani ana magamba laini yanayong'aa na mistari myeupe kichwani, ilhali huyu magamba yake yalikuwa yakikwaruza kiganja. Kwa muda wa wiki tano nilimpa vitoto vya panya, wazima na waliokufa, asubuhi na usiku, naye hakugusa hata mmoja.

Nilipompigia muuzaji, hakushangaa hata kidogo. Alisema nyoka ana gesi tumboni, akaniletea chupa isiyo na lebo kwa shilingi 1,200, nimdondoshee kinywani kwa bomba la sindano. Chupa ya kwanza ilipokwisha bila mabadiliko aliniuzia ya pili, safari hii akinishauri nimlishe panya kwa nguvu kwa kutumia koleo ndogo. Nilijaribu mara moja tu, nikaona damu kwenye ufizi, nikaacha na kumpeleka kwa daktari wa mifugo mwenye uzoefu wa wanyama watambaao.

Daktari alimfungua kinywa, akanionyesha kwamba karibu hana meno kabisa. Alikuwa nyoka mla mayai, jamii ambayo haili kitu kingine chochote isipokuwa mayai ya ndege, na ambayo hata ungemkalisha na panya mwaka mzima angekufa njaa akiwatazama. Yai hulimeza zima. Likifika kooni, miiba ya mifupa ya uti wa mgongo iliyochomoza ndani ya umio hulikata ganda, ute na kiini vikateremka tumboni, kisha ganda lililobanwa likatemwa nje. Anaweza pia kukaa miezi bila kula wakati ndege hawatagi, na huo si ugonjwa.

Tulisubiri kinywa kipone, kisha nikampa yai la kware ambalo halijaoshwa wala kuwekwa kwenye friji, kwa kuwa hulinusa kwanza kwa ulimi na akilishuku hulikataa. (Hapa kwetu kware si taabu kuwapata, wimbi la biashara ya aluru, yaani hao hao kware, lililokumba nchi miaka ile lilituachia angalau faida hiyo.) Alilimeza usiku uleule. Wenye nyoka wachanga wa jamii hii wajue kwamba hata yai la kware huwa kubwa mno kwao, na huhitaji mayai ya ndege wadogo zaidi.

Nilimpigia muuzaji kumweleza kwamba nyoka amekula na kutema ganda. Akanijibu, bila kusita, kwamba kutapika ganda ni dalili ya utumbo kuoza, na kwamba anayo chupa ya tatu.

Kutapika kwa kweli kupo, lakini ni kwa nyoka wanaokula panya. Husababishwa na panya mnene kupita sehemu nene zaidi ya mwili wa nyoka, na kumshikashika kabla siku mbili hazijapita baada ya mlo, na vilevile baridi, jambo ambalo wenzetu wa Nakuru hulijua zaidi yetu kwa sababu ya usiku wao. Akitapika panya, mrekebishieni joto, mpeni maji, msimlishe kwa takriban wiki mbili, kisha aanze na windo dogo. Akirudia, mpelekeni kwa daktari.

Linalonitia hofu zaidi ni kwamba mla mayai hufanana na nyoka wenye sumu, na hata huwaigiza kwa kusugua magamba mpaka yakatoa sauti ya kufoka. Mtu asiyeweza kumtofautisha na nyoka wa majumbani anaweza kesho kukuletea mwenye sumu, akiapa kwamba hana. Vilevile alinipa nakala ya kibali chenye jina la mtu mwingine, akidai kinamfuata mnyama. Kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori hapa Kenya, hutolewa kwa mfugaji, na kumweka mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Aliyekwisha kununua asimwachilie nyoka shambani. Awasiliane na ofisi ya KWS iliyo karibu.

Wiki iliyopita nimeona tangazo lake jipya. Picha ni ya nyoka wangu, aliyopiga siku aliponiuzia, bei imepanda hadi shilingi 6,000, na sasa anamwita chatu mchanga.