Kumaliza kesi kwa upatanisho: nyota tatu na nusu kutoka kwa mlalamishi

Wengi mmeniuliza inboksi kama haya mambo ya kupatanishwa korti ikijua yanafaa ama ni kupotezewa muda. Mimi nimeyapitia, na aliyepigwa ni mimi, kwa hivyo naongea kama mlalamishi si kama mtu wa kusikia.

Jamaa wa boda aliegesha mbele ya kibanda changu cha mitumba, nikamwambia asogeze wateja wapite, maneno yakazidi akanizaba ngumi mbili na simu ikaanguka ikapasuka kioo. Polisi wakanipa namba ya OB (kitabu chao cha kuandikisha matukio), daktari akanijazia P3 (fomu ya polisi ya majeraha), yule jamaa akashtakiwa. Hapo ndio nilijua kortini kesi si yangu, ni ya Jamhuri, mimi ni shahidi tu. Nimefunga kibanda mara tatu kwenda kusikia kesi ikitajwa halafu narudi home bila mtu kuniuliza hata umeamkaje.

Baadaye tukaambiwa tunaweza kusuluhisha. Ni halali kabisa, kifungu cha 176 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinamruhusu hakimu kuhimiza maridhiano kwa makosa madogo kama shambulio la kawaida, na Katiba ya Kenya ya 2010 kwenye kifungu cha 159 inazitaka mahakama zikuze hizo njia. Na mimi sikulipishwa kitu, ni nauli tu.

Sasa kikao cha kwanza, wueh. Nafika nakuta wazee, mamake kijana na chairman wa stage (kituo cha boda) washakubaliana elfu tano, soda ziko mezani, karatasi iko tayari, kilichobaki ni sahihi yangu. "Mama samehe tu, huyu ni mtoto wetu." Mimi je, ni mtoto wa nani? Niliacha soda yangu pale na nikaenda zangu. Hicho kikao nyota moja, na hiyo moja ni ya kiti.

Kilichookoa ni afisa wa probesheni. Aliniita peke yangu, akaniuliza nimepoteza nini, naogopa nini (stage iko hatua ishirini kutoka kwangu), na kama hata nataka kuketi na huyo kijana, akanieleza nikikataa kesi itaendelea na hakuna atakayenilaumu. Kumbe tangu 2014 kuna sheria ya kulinda waathiriwa, kusikizwa ni haki si hisani ya wazee.

Kikao cha pili nilianza kuongea mimi. Nilimuuliza swali moja tu, ningekuwa mwanaume mwenye kifua kama chako ungenipiga? Mamake akataka kumjibia, afisa akamwambia ngoja mama, mwache ajibu. Kijana alikaa kimyaaa halafu akasema hapana. Hilo jibu nililitaka kuliko pesa, na kortini nani angemuuliza? Tukaandikiana alipe kioo cha simu na siku nilizofunga, kwa awamu tatu, na aombe msamaha pale stage mbele ya wale wale walioona akinipiga. Aliomba, macho kwenye viatu, lakini aliomba.

Ila si kila kesi ni ya kupeleka huko. Mtoto akinajisiwa usikubali hata kikombe cha chai na wazee, nyinyi wa Kaskazini Mashariki mnajua maslaha, ile suluhu ya wazee nje ya korti, watu wanahesabiana mifugo na msichana mwenyewe hayuko kikaoni. Hata mauaji yashawahi kuisha hivyo, 2013 Mahakama Kuu Nairobi iliruhusu kesi iondolewe baada ya familia kumalizana kwa ngamia na mbuzi. Sijui nyinyi, mimi hiyo ilinishinda kumeza.

Ukienda, omba kuongea na afisa kivyako kabla ya kikao chochote, na makubaliano yasomwe mbele ya hakimu. Usiweke sahihi ya kuondoa kesi kabla ya pesa kuingia, mimi karibu niweke. Yangu imebaki awamu ya mwisho, nimeambiwa wiki ijayo, na pikipiki siku hizi anaegesha ng'ambo ya barabara.