Krasteshia wa tropiki na wa Antaktika: wapi kuna aina nyingi zaidi?

Krasteshia ni wanyama wa jamii ya kaa na kamba, na kwa kaa na kamba wenyewe, tropiki inashinda mbali sana. Kwenye matumbawe ya Indonesia na Ufilipino, kipande kimoja tu cha tumbawe lililokufa ukikichungulia vitundu vyake unakuta vikaa vidogo kuliko ukucha, halafu kuna kamba wadogo wenye gando moja kubwa, wakilifunga kwa nguvu linatoa mlio mkali pah! na kila mmoja ana kijumba chake. Maji ni ya joto mwaka mzima na maficho ni mengi, kwa hiyo wanabanana humo humo.

Antaktika sasa, kaa wa kawaida kwenye kina kifupi karibu hamna kabisa. Sababu inayotajwa sana ni madini ya magnesi, damu ya kaa inayo nyingi, na baridi ikikaribia nyuzi 0 hiyo magnesi inamlegeza kama dawa ya ganzi, hata kupitisha maji kwenye matamvua inakua kazi.

Lakini jamani msiseme kule ni patupu, hapo ndo watu wanakosea! Amfipodi na isopodi, yaani krasteshia wa makundi mengine, wapo aina mamia, na wengine ni wakubwa ajabu, kuna isopodi anaitwa Glyptonotus anajaa kiganja chote, na sababu moja inayotajwa ni kwamba maji baridi yanabeba oksijeni nyingi. Halafu krili, krasteshia wanaofanana na kamba wadogo, mmoja ana kama sm 6 tu ila makundi yao ndo yanalisha nyangumi, pengwini na sili.